Frank Hornby

Frank Hornby (15 Mei 1863 – 21 Septemba 1936) alikuwa mvumbuzi, mfanyabiashara na mwanasiasa kutoka Uingereza. Anajulikana hasa kwa vichezeo vitatu vilivyotoka katika kiwanda chake mjini Liverpool: Meccano, yaani seti ya vipande vya chuma vyenye matundu vinavyofungwa kwa nati na bolti, treni ndogo za Hornby, na magari madogo ya Dinky Toys. Hakuwa na elimu rasmi ya uhandisi, na alikuwa karani wa hesabu hadi alipofikisha umri wa miaka zaidi ya 40.

Katika historia ya reli ndogo za mfano, umuhimu wake hauishii kwenye treni alizouza. Kupitia jarida, vilabu na chama cha reli kilichoanzishwa na kampuni yake mwaka 1928, alisaidia kuigeuza treni ya mtoto mmoja chumbani kuwa shughuli ya watu wengi wanaokutana, kupeana ujuzi na kuendesha reli kwa ratiba. Kiwanda chake kilifungwa zamani, lakini shughuli hiyo bado ipo.

Maisha ya awali

Hornby alizaliwa katika mtaa wa Copperas Hill, Liverpool. Baba yake, John Oswald Hornby, alikuwa mfanyabiashara wa vyakula, na mama yake, Martha Thomlinson, alikuwa mwalimu wa muziki. Liverpool ya wakati huo ilikuwa mojawapo ya bandari kubwa duniani. Pia ilikuwa mji wa reli: njia ya Liverpool na Manchester, iliyofunguliwa mwaka 1830, ilikuwa ya kwanza kuunganisha miji miwili mikubwa kwa treni za mvuke zenye ratiba. Mtoto aliyekulia huko aliona kila siku winchi za bandarini, meli, madaraja na mabehewa ya mizigo.

Aliacha shule akiwa na miaka 16, akaanza kazi ya keshia katika biashara ya baba yake. Tarehe 15 Januari 1887 alimwoa Emma Walker Godefroy, mwalimu wa shule na binti wa ofisa wa forodha. Walipata watoto watatu: wavulana wawili, Roland na Douglas, na binti mmoja, Patricia.

Baba yake alipofariki mwaka 1899, biashara ya familia ilifungwa. Hornby akaajiriwa kama mtunza hesabu na David Hugh Elliott, mfanyabiashara wa Liverpool aliyeagiza nyama kutoka nje ya nchi. Mshahara ulikuwa mdogo na familia ilimtegemea yeye.

Uvumbuzi wa Meccano

Hornby alikuwa na karakana ndogo nyumbani, na mwaka 1899 alianza kuwatengenezea wanawe vichezeo kwa kukata bati. Alitengeneza madaraja, malori na winchi. Tatizo lilikuwa kwamba kila kichezeo kilihitaji vipande vyake chenyewe. Watoto walipokichoka, vipande vile havikufaa kwa kazi nyingine, na baba alilazimika kuanza upya.

Ufumbuzi alioupata ulikuwa rahisi. Alikata kanda nyembamba za chuma zenye upana wa nusu inchi, akazitoboa matundu yaliyopishana kwa nusu inchi kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa kuwa matundu yote yalilingana, ukanda wowote uliweza kufungwa na mwingine wowote kwa nati na bolti. Tundu lilikuwa na kazi ya pili pia: ekseli iliweza kupita ndani yake na kuzunguka. Hivyo vipande vilevile vilitosha kujenga kitu kinachosimama, kama daraja, na kitu kinachotembea, kama gari. Mtoto aliweza kujenga winchi leo, kuibomoa kesho, na kuunda behewa kwa vipande vilevile.

Mwanzoni Hornby alitengeneza kila kitu kwa mkono, hata nati na bolti, hadi alipopata watu wa kumuuzia. Januari 1901 aliomba hataza, yaani haki ya kisheria inayomlinda mvumbuzi asiigwe. Hakuwa na fedha za kulipia gharama zake, akamkopa mwajiri wake Elliott pauni 5.

Alipotafuta kampuni ya kutengeneza kichezeo hicho hakufanikiwa, kwa sababu sampuli zake hazikuwa na umaliziaji mzuri. Elliott ndiye aliyeona kwamba wazo lile lina thamani. Alimpa karani wake chumba kilichokuwa wazi karibu na ofisi, akatia fedha, na wawili hao wakawa washirika. Hornby alipata pia barua ya kuunga mkono kutoka kwa Profesa Henry Selby Hele-Shaw, mkuu wa idara ya uhandisi katika chuo kikuu cha Liverpool. Barua hiyo ilisaidia kuwashawishi watu kwamba kichezeo hicho kingefaa kufundishia kanuni za mashine.

Seti za kwanza ziliuzwa mwaka 1902 kwa jina la Mechanics Made Easy. Kila seti ilikuwa na aina 16 za vipande na kijitabu chenye maelekezo ya kujenga vitu 12. Mwaka 1903 ziliuzwa seti 1,500, lakini bila faida yoyote. Mwaka uliofuata kulikuwa na seti sita tofauti zilizowekwa ndani ya makopo ya bati, pamoja na maelekezo kwa Kiingereza na Kifaransa. Faida ya kwanza, nayo ndogo, ilipatikana mwaka 1906.

Kutoka karani hadi mwenye kiwanda

Kufikia mwaka 1907 mahitaji ya wanunuzi yaliwazidi wale waliotengeneza vipande kwa mkataba. Hornby, akiwa na miaka 44, aliacha kazi ya ukarani na kukodi karakana katika mtaa wa Duke Street, Liverpool, ambako alianza kutengeneza vipande vyake mwenyewe. Septemba mwaka huo aliandikisha alama ya biashara ya Meccano, na Mei 1908 ikaundwa kampuni ya Meccano Ltd. Elliott hakuendelea naye katika kampuni hiyo mpya.

Biashara ilikua haraka. Kampuni ilifungua ofisi mjini Paris na Berlin mwaka 1912, na mwaka 1914 ikahamia katika kiwanda kipya kwenye barabara ya Binns Road, Liverpool. Kiwanda hicho kilikuwa makao yake makuu kwa zaidi ya miaka 60.

Treni za Hornby

Kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, treni nyingi za kuchezea zilizouzwa Uingereza zilitengenezwa Ujerumani, hasa na kampuni za Märklin ya Göppingen na Bing ya Nuremberg. Hornby mwenyewe alinunua kutoka Märklin mota za springi za kutumia pamoja na Meccano. Vita ilikata biashara hiyo. Ilipokwisha mwaka 1918, wanunuzi wengi wa Uingereza hawakutaka bidhaa za Kijerumani, na nafasi ilikuwa wazi kwa mtengenezaji wa nyumbani.

Treni ya kwanza yenye jina la Hornby iliingia sokoni mwaka 1920. Ilitengenezwa kwa bati na kuendeshwa kwa springi iliyojazwa kwa ufunguo, kama saa za zamani. Ilitumia reli ya kipimo kinachoitwa O, ambacho umbali kati ya reli mbili ni milimita 32. Reli halisi za Uingereza zina upana wa milimita 1,435, kwa hiyo njia ya treni hiyo ndogo ilikuwa karibu sehemu moja ya 45 ya njia halisi.

Treni hizo za mwanzo zilifuata falsafa ya Meccano. Injini na mabehewa viliunganishwa kwa nati na bolti, na mtoto aliweza kuvifungua, kuona vilivyo ndani, kisha kuvifunga tena. Kipande kilichoharibika kiliweza kubadilishwa bila kutupa treni nzima.

Mwaka 1923 kampuni nyingi za reli za Uingereza ziliunganishwa na kuwa nne kubwa: LMS, LNER, Great Western na Southern. Hornby alizipaka treni zake rangi za kampuni hizo, hivyo mtoto aliweza kuwa na treni iliyofanana rangi na ile iliyopita karibu na kwao. Kadiri miaka ilivyopita yaliongezwa majengo ya stesheni, maghala ya mizigo, milingoti ya ishara, vivuko, mahandaki na mabehewa ya aina nyingi. Palikuwa na vipande vya reli vyenye breki ya kuisimamisha injini, na vingine vya kuhamisha treni kutoka njia moja kwenda nyingine.

Mwaka 1925 ilitolewa treni ya kwanza ya umeme ya Hornby, iliyoiga injini za kampuni ya Metropolitan Railway ya London. Toleo la kwanza lilitumia umeme wa nyumbani uliopunguzwa kwa kupitishwa kwenye balbu, njia iliyokuwa na hatari kwa watoto. Baadaye kampuni ilihamia kwenye umeme wa volti chache. Treni hizo zilikuwa na reli tatu: ya katikati ilileta umeme, na zile za pembeni ziliurudisha.

Si wapenzi wote wa reli ndogo walioridhika na treni hizo. Nchini Uingereza kulikuwa tayari na watu wazima waliochukulia shughuli hiyo kwa makini sana. Mwaka 1910 kilianzishwa mjini London chama cha Model Railway Club, na huko Northampton kampuni ya Bassett-Lowke iliuza injini zilizoiga zile halisi kwa usahihi zaidi, kwa bei ambayo familia nyingi hazikuimudu. Kwa watu hao, injini nyingi za Hornby zilikuwa fupi mno, zenye magurudumu machache kuliko yale ya kweli na rangi za kung'aa kupita kiasi. Lakini treni za Hornby zilikuwa imara na zilipatikana katika maduka ya kawaida, na seti ndogo iliweza kuongezwa kidogo kidogo katika sikukuu za kuzaliwa na za Krismasi. Watu wengi waliokuja kuwa mafundi wa reli ndogo walianza na duara la reli za bati kwenye sakafu ya nyumbani.

Jarida, vilabu na chama cha reli

Hornby alitambua mapema kwamba anayenunua kichezeo humaliza mawazo yake baada ya muda. Akikutana na wengine wenye kichezeo hichohicho, hupata mawazo mapya na huendelea. Kampuni ilifanya mashindano ya kujenga vitu kwa Meccano, na mwaka 1916 ilianzisha jarida la Meccano Magazine. Jarida hilo halikuzungumzia vichezeo tu. Lilieleza kwa lugha nyepesi ujenzi wa madaraja, meli, ndege, vituo vya umeme na reli za nchi mbalimbali, na likasomwa hata na watoto wasiokuwa na Meccano.

Mwaka 1919 ilianzishwa Meccano Guild, umoja uliounganisha vilabu vya Meccano. Malengo yake yalikuwa kuyafanya maisha ya vijana yawe na furaha zaidi, kukuza ukweli na bidii, na kuwatia moyo wajifunze, hasa kanuni za mashine na uhandisi. Vilabu viliongozwa na vijana wenyewe chini ya usimamizi wa mtu mzima, mara nyingi mwalimu au mzazi.

Chama cha reli kilifuata mwaka 1928. Kiliitwa Hornby Railway Company, jina lililowafanya wanachama wajione kama wafanyakazi wa kampuni halisi ya reli. Aliyejiunga alipata beji, na vijana wa mtaa mmoja waliweza kufungua tawi. Safu maalumu katika Meccano Magazine ilitoa mipango ya njia za reli, ushauri wa kutunza injini na habari za matawi.

Mikutano ya matawi ilibadilisha maana ya kucheza na treni. Mtoto mmoja mwenye seti moja huweza kuizungusha treni kwenye duara, na baada ya nusu saa hana jipya la kufanya. Watoto sita wakileta reli zao pamoja huweza kujenga njia kuu, njia za kupishania, stesheni mbili au tatu na yadi ya mizigo. Hapo panahitajika mgawanyo wa kazi: mmoja ni dereva, mwingine mtu wa ishara, mwingine msimamizi wa stesheni, na mwingine hupanga mabehewa ya mizigo. Inahitajika ratiba, maana treni mbili zikiingia kwenye njia moja kwa wakati mmoja zitagongana. Dereva hana budi kutii ishara, na mwenye injini nzuri kuliko zote lazima asubiri zamu yake.

Kwa njia hiyo vijana walijifunza mambo ambayo wafanyakazi wa reli halisi waliyajua: kwamba usalama hutegemea kila mtu kutimiza kazi yake, na kwamba treni ya mizigo iliyochelewa huchelewesha nyingine zote. Walijifunza pia kurekebisha springi, kutia mafuta, kunyoosha reli zilizopinda na kutengeneza milima na nyumba kwa karatasi ngumu na mbao.

Chama hicho kilikuwa pia njia ya kuuza bidhaa. Jarida lilijaa matangazo ya kampuni, na mipango ya reli iliyochapishwa iliwavuta wasomaji wanunue vipande zaidi. Aidha, Meccano Magazine na vilabu vyake vililenga wavulana. Wasichana hawakupewa nafasi kubwa, ingawa wanawake na wasichana walikuwa sehemu kubwa ya wafanyakazi waliounda vichezeo hivyo katika kiwanda cha Binns Road.

Dinky Toys

Magari madogo ya Dinky yalitokana na treni. Reli iliyopangwa mezani huonekana tupu isipokuwa na watu, wanyama na magari karibu nayo. Kuanzia mwaka 1931 kampuni iliuza sanamu ndogo za wafanyakazi wa reli, abiria na mifugo za kuweka kando ya njia na kwenye stesheni. Mwishoni mwa mwaka 1933 yaliongezwa magari madogo ya chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu.

Magari hayo yalipendwa kwa ajili yake yenyewe, hata na watoto wasiokuwa na treni. Mwaka 1934 yalipewa jina la Dinky Toys. Kilichoanza kama pambo la reli kikawa bidhaa kubwa ya tatu ya Hornby.

Siasa

Katika uchaguzi mkuu wa Oktoba 1931 Hornby alichaguliwa kuwa mbunge wa jimbo la Everton, Liverpool, kwa tiketi ya chama cha Conservative. Alikuwa na umri wa miaka 68. Katika kipindi hicho aliwaachia wakurugenzi wenzake sehemu kubwa ya uendeshaji wa kampuni. Aliondoka bungeni mwaka 1935.

Kifo

Kufikia miaka ya 1930 karani aliyewahi kukopa pauni 5 alikuwa milionea. Aliishi Maghull, kaskazini mwa Liverpool. Alifariki tarehe 21 Septemba 1936, akiwa na miaka 73, kutokana na ugonjwa sugu wa moyo pamoja na kisukari. Alizikwa Maghull. Mwanawe Roland alishika uenyekiti wa kampuni baada yake.

Baada ya kifo chake

Hornby hakuiona treni ambayo leo huhusishwa zaidi na jina lake. Nyumba nyingi hazikuwa na nafasi ya reli za kipimo cha O. Mwaka 1922 Bing iliitengenezea Bassett-Lowke treni ndogo ya mezani yenye nusu ya upana huo, na kipimo hicho kikaanza kukua. Mwaka 1938 kampuni ya Meccano ilitoa treni zake za aina hiyo kwa jina la Hornby Dublo.

Kipimo hicho, kinachoitwa OO, kina jambo la ajabu ambalo wapenzi wa reli ndogo nchini Uingereza wanalijua vizuri. Injini na mabehewa hufuata uwiano wa 1 kwa 76, lakini upana wa reli ni milimita 16.5, ambao unalingana na uwiano wa karibu 1 kwa 87. Kwa hiyo treni imekaa juu ya njia iliyo nyembamba kidogo kuliko inavyostahili. Sababu ni kwamba injini za Uingereza ni ndogo kuliko za bara la Ulaya na Marekani, na mota za wakati huo hazikuenea ndani ya mwili wenye uwiano mdogo zaidi. Upungufu huo umebaki hadi leo, na wapo wanaojenga reli zao upya kwa mkono ili kuurekebisha.

Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia kiwanda kiliingia katika kazi za kivita. Baada ya vita treni za Dublo zilipendwa sana, lakini katika miaka ya 1950 kampuni ilipata washindani wakali. Treni za Tri-ang za kampuni ya Lines Bros zilitumia plastiki na reli mbili, na ziliuzwa kwa bei nafuu, wakati Dublo iliendelea na reli tatu hadi mwaka 1959. Magari ya Corgi Toys, yaliyoanza mwaka 1956, yalishindana na Dinky. Mwaka 1964 Lines Bros iliinunua kampuni ya Meccano, na treni za pande mbili zikauzwa kwa jina la Tri-ang Hornby.

Lines Bros nayo ilianguka mwaka 1971, na mali zake zikagawanywa. Kiwanda cha Binns Road kilikwenda kwa kampuni ya Airfix, ambayo ilikifunga Novemba 1979. Wafanyakazi wengi wa Liverpool walipoteza kazi, na jengo lililotoa vichezeo kwa miaka 65 likanyamaza. Treni zilibaki na wamiliki wengine mjini Margate, kusini-mashariki mwa Uingereza, zikiendelea kutumia jina la Hornby. Mwaka 2006 kampuni hiyo ya Hornby iliinunua chapa ya Airfix.

Urithi

Jina la Hornby limekuwa karibu sawa na neno treni ya kuchezea nchini Uingereza. Meccano iliwaathiri pia wanasayansi na wahandisi. Mfano mmoja maarufu ni ule wa mwaka 1934, ambapo Douglas Hartree na Arthur Porter wa chuo kikuu cha Manchester walijenga kwa vipande vya Meccano mashine ya kutatua milinganyo ya hesabu.

Simulizi nyingi kuhusu namna uvumbuzi ulivyotokea zilitoka kwa Hornby mwenyewe, kupitia jarida la kampuni yake. Zinamwonyesha kijana maskini wa elimu aliyefanikiwa kwa subira, hadithi iliyofaa kuuza kichezeo kwa wazazi. Mchango wa Elliott, aliyetoa mkopo, chumba na mtaji wakati hakuna mwingine aliyeamini, hukumbukwa kwa nadra.

Mwaka 1969, wakati kampuni ya mwanzo ilikuwa tayari imenunuliwa na wengine, wapenzi wa treni za zamani walianzisha Hornby Railway Collectors' Association. Wanachama wake huzitafuta treni za bati, huzitengeneza na kuziendesha katika mikutano. Injini ya springi ya miaka ya 1920 huweza bado kutembea, kwa kuwa iliundwa ili ifunguliwe na kutengenezwa.

Kwa upana zaidi, namna ya kuendesha reli ndogo iliyohimizwa na matawi ya mwaka 1928 inaendelea katika vilabu vya nchi nyingi. Wanachama hukutana jioni moja kwa wiki, kila mmoja na kazi yake: wa umeme, wa kujenga mandhari, wa kutengeneza injini, wa kupanga ratiba. Vijana hujifunza kwa wazee, na wageni hukaribishwa kushika usukani wa treni. Mota zimebadilika, na treni nyingi sasa huongozwa kwa kompyuta au simu, lakini treni mbili zikiwa kwenye njia moja, mmoja wa madereva bado hulazimika kusubiri.